Masikio ya Baba

Mwezi uliopita nilipita Milimani nikakuta watu wanakata mti ndani ya ua mmoja. Mwenye msumeno wa injini, ule ambao Kisumu nzima tuliuita pawaso, alivuta kamba mara tatu. Injini ikakohoa, ikashika, ikazima. Nikajikuta nimesimama barabarani na mkoba wangu, nasema peke yangu: filta ya petroli imeziba. Mwanamke wa umri wangu! Wapita njia walinitazama. Rafiki yangu, acha nikuambie nilikojifunzia mambo hayo, maana kuna jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu.

Baba alikuwa fundi wa pawaso pale Kondele, miaka ya themanini. Kibanda chake cha mabati kilinuka petroli iliyochanganywa na oili, na utomvu wa miti uliokaukia kwenye minyororo. Nikitoka shule nilimpelekea bakuli la nyoyo, mahindi na maharagwe ambayo Mama alikuwa amechemsha tangu asubuhi. Alikula kwa mkono mmoja, ule mwingine ukiwa bado ndani ya injini. Alikuwa akifungua plagi na kunionyesha: ikiwa nyeusi na imelowa, oili imezidi, ikiwa nyeupe kama majivu, injini inakosa mafuta, inajichoma. Mimi niliosha vyuma kwa petroli, na kucha zangu zilibaki nyeusi hata Jumapili kanisani.

Kisha masikio yake yakaanza kwenda. Siku hizo hakuna fundi aliyeziba masikio. Kwanza alipoteza redio, halafu sauti ya Mama, mwishowe ikawa lazima tumpigie kelele sikioni. Mikono nayo ilikuwa imekufa ganzi kwa mtetemo wa miaka mingi. Ndipo akaanza kutumia masikio yangu. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Injini ikinguruma, nilinyoosha kiganja mbele yake: kikilala, imetulia; kikipanda, inakimbia; kikitikisika, inakosa moto.

"Nyathina," aliniambia, mwanangu, "usiniambie unachodhani. Niambie unachosikia."

Niliiweza kazi hiyo. Lakini watu walianza kuona. Siku moja nilipandisha kiganja mbele ya mteja aliyekuwa amekuja kuchukua pawaso yake, Baba akaanza kuifungua upya. Yule mteja akainyakua. "Fundi gani huyu anaongozwa na katoto?" akasema, akaenda zake. Waliokuwa kwenye kibanda cha jirani wakacheka. Baba hakusikia maneno, ila kicheko alikiona. Aliinama akatafuta spana ambayo ilikuwa mkononi mwake.

Wiki hiyo hiyo alikuja mkata miti mmoja, jirani yetu, mtu mrefu mwenye utani mwingi. Pawaso yake ilikuwa na shida: ukiachilia mafuta, mnyororo unaendelea kuzunguka badala ya kusimama. Baba alifungua klachi akakuta springi imelegea. Akasema mpya itoke Nairobi.

"Mzee, siwezi ngoja Nairobi," yule bwana alimpigia kelele sikioni. "Mkubwa wa Milimani anataka mti ianguke kesho."

Baba akatoa springi kwenye pawaso iliyokufa, akaifunga. Akawasha. Mnyororo ulisimama tuli, injini ikanguruma vizuri. Kisha akaiinua na kuilaza ubavu, kama alivyofanya siku zote, akanitazama.

Nikasikia. Ilipanda yenyewe kidogo, bila mtu kugusa mafuta, ikashuka, ikapanda tena, kama mtu anayevuta pumzi kwa shida. Ilikuwa inavuta hewa mahali fulani. Nilijua. Lakini mkata miti alikuwa amesimama pale, na wale wa jirani walikuwa wametugeukia wakisubiri. Nilimwona tena Baba akitafuta ile spana. Nikalaza kiganja.

"Imepona," Baba akasema, akatabasamu.

Kesho yake jioni wenzake yule mkata miti waliirudisha ile pawaso ikiwa imefungwa kwenye gunia. Walisema alikuwa juu ya mti, akaishusha ubavuni ili ahamishe mguu, ikanguruma yenyewe, mnyororo ukamshika paja. Alikata roho ndani ya pikapu kabla hawajafika hospitali.

Baba aliifungua pale pale, damu ikiwa imekauka pamoja na unga wa mbao. Alikunja ule mpira unaounganisha kabureta na injini, na ufa ukafunguka kama mdomo. Akanishika bega.

"Ufa kama huu lazima ulilia. Ulisikia?"

Ningesema ndiyo. Kila siku ya maisha yangu nimesema ndiyo moyoni, isipokuwa siku hiyo.

"Sikusikia, Baba," nikampigia kelele sikioni.

Nilidhani atanipiga. Badala yake alinishika masikio yote mawili kwa viganja vyake vyenye oili, taratibu, na machozi yakamtoka. "Nimekumaliza na wewe," akasema. "Kelele yangu imekumaliza masikio na wewe."

Mazishini aliomba msamaha mbele ya watu wote. Wafiwa wakamjibu kwamba ni mapenzi ya Mungu. Wiki iliyofuata aliuza spana zake, akafunga kibanda, tukarudi nyumbani kijijini kulima mtama. Hakugusa injini tena. Mama alijua kwamba nasikia, maana aliniita kutoka jikoni nami nikaitika. Siku moja tukichambua omena aliniambia kwa sauti ya chini, "Usimwambie. Haitamrudisha yule bwana." Nikanyamaza.

Kibanda kilibomolewa barabara ilipopanuliwa. Mama amekwenda, na wale waliocheka sijui waliko. Baba aliishi miaka mingine kumi. Kila alipotaka kuniambia neno, hata la kuomba maji tu, alinigusa kidevu, akanigeuzia uso kwake, akatamka polepole huku akipanua midomo, ili binti yake kiziwi aweze kumwelewa. Nami nilitazama midomo yake, nikaitikia kwa kichwa.