Ukuta wa Bafu

Mama mkwe wangu alikuja kukaa nasi nyumbani kwetu, mji wa Mpemba, baada ya kuteleza kwenye shamba lake la kahawa kule Iyula na kuumia nyonga. Nilikuwa nimeishi na binti yake miaka mingi, lakini mimi na mama huyo hatukuwahi kusemezana moja kwa moja. Kwao, mama na mume wa binti yake huheshimiana kwa kukaa mbali. Akitaka kunishukuru alimgeukia mke wangu, nami nimesimama hapo hapo: “Mwambie baba watoto, Mungu ambariki.” Nami nilijibu kupitia kwa mke wangu vile vile.

Kwa sababu ya baridi ya kwetu tulimfungia hita ya gesi, ile inayopasha maji mara tu bomba linapofunguliwa. Fundi aliitundika nje, kwenye ukuta wa bafu, ili moshi usiingie ndani.

Asubuhi moja mke wangu alikuwa ameenda sokoni. Nilikuwa uani nikipiga viatu rangi nilipoisikia hita ikitoa cheche, tik tik tik, ikawaka, kisha ikazima. Ikarudia hivyo hivyo. Bomba likafungwa. Nikamsikia mama akikohoa, kikohozi cha mtu anayetafuta pa kuanzia.

“Kuna mtu hapo nje?”

“Nipo, mama.”

Kiti cha plastiki tulichomwekea cha kuogea kikakwaruza sakafu. Nikadhani nimekosea kuitika.

“Maji yamekuwa ya baridi,” akasema hatimaye. “Na nimeshajipaka sabuni.”

Nikamwomba ajifunike kanga asubiri. Nilibadilisha betri ya kuwashia hita, nikautikisa mtungi, gesi ilikuwemo. Alipofungua bomba, moto ukawaka vizuri, wa bluu, halafu ukakatika.

“Nikuchemshie maji jikoni, mama?”

“Utayaingizaje humu?”

 Nikamsikia akicheka chini chini, na mimi nikacheka.

Fundi alikuwa amenionyesha kijiti chembamba cha chuma kinachosimama katikati ya moto. Hicho ndicho kinachoiambia hita kwamba moto umewaka. Kisipouhisi, hita hufunga gesi isije ikavuja bure. Nikafunga mtungi, nikafungua kifuniko na kungoja ipoe. Kijiti kilikuwa cheusi kwa masizi. Nikakisugua taratibu kwa msasa laini mpaka kikang’aa, nikafungulia gesi.

“Fungua sasa, mama.”

“Yanakuja ya moto,” akasema. Halafu, kwa sauti ya chini: “Hapana. Yamepoa tena.”

Nikashika koleo kwa haraka, likaniponyoka na kugonga ukuta. Nilimfikiria kule ndani, kwenye kile kiti cha plastiki, sabuni ikimkaukia mwilini.

“Nisamehe, mama. Nakugandisha.”

“Usiharakishe mikono, baba. Mimi nipo.”

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita baba bila kumpitia mtu. Nikafunga gesi tena na kuufuata waya unaotoka kwenye kile kijiti. Mwisho wake ulikuwa umelegea na kushika kutu. Nikaukwangua, nikaubana kwa koleo, nikaurudisha.

Safari hii moto uliwaka na ukabaki. Mvuke ukaanza kutoka kwenye kidirisha cha juu, na mama akashusha pumzi ndefu.

“Usiondoke kwanza,” akasema. “Isije ikazima.”

Nikabaki nimeegemea ukuta. Maji yakiwa yanatiririka, alianza kunisimulia habari za marehemu mume wake, ambaye sikuwahi kumwona. Msimu wa kuchuma kahawa mume huyo alikuwa akimchemshia mkewe maji ya kuoga jioni, na kila mara alitumbukiza mkono wake kwanza, kuhakikisha hayatamwunguza. “Mkono ule ulikuwa na sugu,” akasema, “haukujua joto. Nilikuwa naungua vile vile, sikumwambia.”

Mezani hakuna kilichobadilika. Aliendelea kunitumia salamu kupitia kwa binti yake, akiangalia pembeni. Lakini kila alipoingia kuoga, mimi nilijitafutia kazi uani, na yeye alianza kwa kuuliza kama nipo. Nilimjua mama mkwe wangu kwa njia hiyo, majuma yote aliyokaa kwetu.

Siku moja mke wangu aliporudi mapema kutoka sokoni na kutukuta tukizungumza, alisimama na kikapu chake karibu na karo la kufulia.  Alitua kikapu polepole kisitoe kelele, akazunguka na kuingia ndani kwa mlango wa mbele.