Hatupiki Jiko Moja

Yule mwanamke sikumpenda tangu siku ya kwanza, na hakunipa sababu ya kubadilisha nia. Yeye ndiye mke mkubwa. Mimi ni wa pili, niliyetoka Ukambani kutafuta kazi ya maua Isinya nikapata kazi na mume karibu wakati mmoja. Kazi ilikuwa afadhali. Yeye aliishi kwenye boma la mume wetu, mbali nyuma ya Isinya, na mimi nikapanga chumba Kitengela. Tulikuwa shamba moja la maua, yeye akipanga waridi kwa urefu kwenye banda la gredi, mimi nikikata ndani ya nyumba za plastiki. Asubuhi getini alisalimiana na wenzake kwa Kimaasai, takwenya, iko, takwenya, iko, na nikifika mimi alikuwa amemaliza salamu.

Kisha shamba likafungwa. Ukaja mpango wa msaada kwa waliofutwa kazi za maua, jina lake refu na pesa zake fupi. Lakini zilikuja kwa simu kila mwisho wa mwezi, na ndizo zilizolipa kodi ya chumba changu. Nilikuwa na mtoto mgongoni, na nani Kitengela anaajiri mtu mwenye mtoto mgongoni?

Halafu nikapata ujumbe kwamba familia yangu imelipwa mara mbili. Malipo yamesimamishwa, nirudishe zilizozidi, au nikate rufaa Kajiado. Nilisoma mara kadhaa. Familia yangu ilikuwa mimi na huyo mtoto, na yeye hakuwa na simu.

Kajiado nilipanga foleni mpaka miguu ikafa ganzi. Kijana wa dirishani alinieleza bila kuniangalia. "Mama, sistimu inasema uko na mke mwenza na yeye pia analipwa. Wake wa mwanaume mmoja ni familia moja. Isipokuwa muonyeshe hampiki jiko moja na hamgawani chakula."

Nilitaka kucheka. Nilikuwa nimebeba chuki hiyo miaka yote bila kujua ina faida. Akaongeza kwamba lazima tuje sote wawili, na hapo kicheko kikaisha.

Ilinibidi niende bomani. Nilimkuta anapaka samadi ukutani, mikono imejaa mpaka kwenye viwiko, na hakuacha kupaka.

"Nimekuja kwa sababu ya hiyo pesa," nikasema.

"Mimi sikufikiria umekuja kunisalimia."

"Wanataka tuseme hatukuli pamoja."

"Hiyo si kazi ngumu."

"Kila mtu aseme tu ukweli, vile tunaishi."

Akageuka akaniangalia kwa mara ya kwanza. "Mimi nitaongea mrefu," akasema, na akarudi kwenye ukuta wake. Hakunipa hata maji.

Mume wetu hakuwepo. Ukame ulikuwa umemsukuma na ng'ombe kuelekea Oltepesi, na huko alikuwa amejificha vizuri. Nilipompigia simu kumwomba aje Kajiado aseme neno, aliniambia hayo ni mambo ya wanawake, tumalizane wenyewe. "Na usiseme sikusaidii," akasema. "Si nakutumia maziwa?"

Kweli maziwa yalikuwa yanakuja. Tangu shamba lifungwe, kila baada ya siku chache mtu wa pikipiki kutoka Isinya aligonga mlango wangu na kibuyu cha plastiki cha manjano, maziwa yakiwa bado na joto. Mara ya kwanza nilipouliza, mume wetu alisema ni yeye. Nikamnywesha mtoto, nikaosha kibuyu, nikakirudisha kitupu. Kwetu chombo cha mtu hakirudi kitupu, unatia angalau konzi ya kitu. Lakini mwanaume aliyenipa kibuyu cha maziwa badala ya kodi ya nyumba hangeona hata punje yangu ya maharagwe.

Siku ya rufaa tuliketi kwenye benchi moja, yeye mwisho huu, mimi mwisho ule, na mkoba wangu katikati. Mbele yetu walikuwa watu watatu, na aliyeongoza ni mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba. Alianza na mke mkubwa. Je, mnaishi pamoja?

"Huyu? Hata chumvi yake siijui," akasema. Akaeleza vile kwa Wamaasai kila mke ana nyumba yake, moto wake na ng'ombe wake, na kwamba hata wake wanaopendana hawachanganyi. "Sasa sisi hata hatupendani." Akaendelea. Alieleza jinsi nilivyokuja, nilivyovaa siku hiyo, na jinsi ninavyotembea kama mtu aliyemaliza kununua shamba lote. Alikuwa ameahidi kuongea mrefu, na ahadi aliitimiza. Kila tusi lilinichoma na kila tusi nililifurahia, kwa sababu nilimwona yule mama wa miwani anatikisa kichwa kukubali.

Zamu yangu ikafika. Nikasema hayo yote ni kweli, na kwa upande wangu ni mabaya zaidi.

"Na mume?" mama akauliza. "Anakusaidia?"

Ningesema hapana nikakaa. Lakini nilitaka wote waijue aibu yake. "Maziwa tu," nikasema. "Mwanaume mzima, ng'ombe hao wote, na kitu anatuma kwa mtoto wake ni kibuyu cha maziwa."



"Maziwa gani?" mke mkubwa akauliza.

"Yenye anatuma na pikipiki."

"Huyo mwanaume hana ng'ombe wa kukamua hapa. Wote ako nao Oltepesi. Mwenye alibaki ni wangu, nilipewa na baba yangu." Sasa alikuwa amesimama. "Ni mimi nakamua. Ni mimi nalipa pikipiki. Na yeye anasema ni yake?"

Njia ya mwongo ni fupi, na ya mume wetu ilikuwa imeishia Kajiado. Nilimwona yule mama akishika kalamu, nikatamani kumziba mwenzangu mdomo.

"Kwa nini unamtumia?" mama akamuuliza taratibu.

"Simtumii huyu. Natumia mtoto. Mtoto ni wa boma."

"Kwa hivyo mnagawana chakula," mama akasema, akaandika.

Rufaa ikaanguka hapo hapo. Tutahesabiwa familia moja, na malipo yetu yatashikwa mpaka zile zilizozidi ziishe. Yule mama hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Alituambia kwa upole kwamba tukirudi baada ya miezi mitatu, na hayo maziwa yawe yamekoma, wataangalia upya. Nchi yetu haina kitu cha kumpa mtu aliyekosa kazi, na siku ilipopata kidogo, ikatafuta mwenye kumhurumia mwenzake ili imwadhibu. Nilitoka nimekasirika hata sikuona ngazi.

Nje nilimfikia kwa hatua ndefu. "Kwa nini hukuniambia ni wewe?"

"Ungekunywa?"

Nisingekunywa, na alilijua hilo.

"Basi acha kutuma," nikasema. "Ni miezi tatu tu. Pesa irudi, kila mtu apate yake."

"Na hiyo miezi tatu mtoto atakunywa nini? Rufaa?" Akajifunga shuka vizuri, akaelekea stendi. Hakuaga.

Sasa nafua nguo za watu kwenye ploti za Kitengela, mtoto mgongoni, na kodi naichelewesha mpaka mwenye nyumba ananijua kwa mlio wa viatu. Mke mkubwa bado simpendi. Nikikumbuka alivyosema kuhusu mwendo wangu, damu inachemka upya.

Wiki ileile ya rufaa mlango uligongwa. Kibuyu kilikuwa kimejaa mpaka shingoni. Nikayamimina maziwa, nikamwambia mtu wa pikipiki angoje. Nikakiosha kibuyu, nikakikausha kwa kitambaa, nikakunja gazeti kama mrija nikalitia mdomoni mwake, nikaanza kumimina ndengu nilizoletewa na mama yangu kutoka nyumbani. Zilipita polepole kwa sababu mdomo ni mwembamba. Mtu wa pikipiki akasema ana abiria anamngoja stendi, nikamwambia atangoja.

Nilizimimina mpaka kibuyu kikajaa. Kama Kajiado wanataka kuandika kwamba tunakula pamoja, waandike.