Raba za Kwendea Ukweni

Mjomba alikuwa ameshapeleka posa yangu Baray, na baba wa binti akajibu kwamba kwanza anataka kutembea na mwoaji shambani. Alikuwa amesikia kuwa mimi ni mtu wa ndani. Hakudanganywa. Tangu nimalize darasa la kumi la enzi hizo, safari yangu ndefu ilikuwa ya kutoka kitandani hadi jikoni, na hiyo nayo nilikuwa napumzika njiani. Lakini yule binti nilimtaka kwelikweli. Nikaona kama kesi yenyewe ni miguu, basi nianze na viatu.

Kwetu Karatu ilikuwa miezi ya baridi, ukungu mpaka saa nne. Baray ni bondeni, jua la huko linakukaanga. Viatu vyangu vyeusi vya shule vingenipika vidole. Katambuga za matairi, kama za mjomba, zilikuwa nzito, na pia nilijiona msomi mno kuzivaa. Nikaenda dukani kwa mzee mmoja wa Kiislamu aliyekuwa akiuza kila kitu, kuanzia mafuta ya taa hadi sindano. Akanitolea raba nyeupe za turubai.

"Hizi nyepesi, utasahau kama umevaa."

Nikazijaribu kutoka gunia la sukari hadi pipa la mafuta, nikarudi. "Mbona sisikii joto kabisa?"

"Kijana, kwa baridi hii umevaa sweta mbili. Utalisikia wapi?"

Nilinunua. Nyumbani nikaanza kuwaza: turubai ni jepesi, sawa, lakini upepo utapita wapi? Nikatia msumari motoni, nikazitoboa raba pande zote kama chujio. Bibi yangu mzaa mama akaja kwa kunusa moshi.

"Mume wangu, leo tunakula viatu?"

"Natengeneza njia ya upepo, bibi."

"Umeniacha mimi hapa kwenye kivuli, unakwenda kuoa juani. Haya, toboa na kofia."

Lori la mahindi lilitushusha mimi na mjomba mahali barabara ilipoishia, tukaendelea kwa miguu. Kwa muda mfupi nilijiona mtu mwenye akili. Upepo ulipita vizuri. Kisha tukaingia kwenye mchanga, nao ukapita vizuri zaidi. Ulikuwa wa moto kama umetoka kikaangoni, na raba zikajaa hadi vidole vikakosa pa kukaa.

Mkwe mtarajiwa alitupokea, tukanywa maji, akachukua fimbo. "Twende shambani."

Alikuwa mtu wa hatua ndefu. Mimi kila baada ya mwendo mfupi nilichuchumaa, nikavua raba, nikamimina mchanga kiganjani ili nisimrushie mkwe vumbi, nikautazama kwa uchungu, nikautupa. Mara ya tatu au ya nne nikasikia amerudi, amesimama nyuma yangu.

"Unauonaje?"

Nilikuwa nimechoka hata kutunga uongo. "Juu ni mkavu, mzee. Ukiingia ndani, ni moto mtupu."

Akamgeukia mjomba. "Umesikia? Wanangu wamezaliwa hapa, hakuna hata mmoja aliyewahi kuchuchumaa akaushika. Wao ni kukanyaga tu."

Mjomba, ambaye tangu tulipoacha lori alikuwa akinicheka waziwazi, akakohoa sana.

"Huyu, mzee mwenzangu," akasema, "hata kwetu hapiti mahali bila kugusa udongo. Tumeshamzoea."

"Na mimi nilidhani mnaniletea karani!"

Tukafika ukingo wa korongo. Vidole vyangu vilikuwa vinaungua, na moyo nao, maana mzee alikuwa akiikagua mimea yake mmoja mmoja. Mwishowe akainua fimbo.

"Binti nimekupa. Na kuanzia mti ule wa mgunga mpaka hapa korongoni, msimu ujao utalima wewe."

Nilipima kwa macho. Ule mgunga ulikuwa mbali, ukitetemeka katika joto.

"Lote hili, baba?"

"Mtu anayependa udongo kiasi hiki, nimpe kipande?"

Nikashukuru kwa mikono miwili, kisha nikakaa chini kuvua raba ya kushoto, maana sikuweza tena. Mjomba akataka kuninyanyua. Mkwe wangu akamzuia kwa fimbo, uso umejaa mapenzi.

"Mwache," akasema. "Bado anapima."