Nusu Kontena na Mabati ya Mama

Nimehama mara nyingi mno, hata mtu akitaja nyumba mpya mgongo huanza kuniuma kabla sijaiona. Nilikulia Kitale katika nyumba za kupanga, nikarudi Juba nikiwa mtu mzima, na hapa Juba pekee tumeshakaa mitaa minne. Kwa hiyo mwenye nyumba wetu wa Munuki aliposimama langoni asubuhi moja, kofia mkononi, nilijua anachotaka kusema kabla hajafungua kinywa. Watoto wake walikuwa wamerudi kutoka Khartoum na familia zao, hawakuwa na pa kulala, na nyumba ilikuwa yao. Alituomba radhi kwa sauti ya chini kama aliyefiwa. Sikumlaumu. Ningekuwa yeye ningefanya hivyo hivyo.

Tulikuwa wawili tu, mimi na mama yangu, lakini vitu vyetu vilijaza vyumba vinne. Pahali tulipopata pa kwenda ni chumba kimoja na kibaraza kule Gudele. Mwenzangu wa ofisini akaniambia kuna yadi Thongpiny, nyuma ya hoteli moja, ambako mtu anakodisha nafasi ndani ya makontena: robo, nusu, au zima. Wateja wake wengi ni wafanyakazi wa mashirika ambao mikataba imekatika. Wanaacha vitanda na majokofu yao, wanasema watarudi. Nilienda saa ya chakula cha mchana, jua la Juba likiwa pale pale utosini.

Mwenye yadi alikuwa mwanamume wa makamo aliyekulia kambini Uganda. Alikuwa na kamba ndefu yenye fundo kila futi moja, na chaki mfukoni. Nilimwambia nataka robo. Robo ndiyo niliyodhani ningeimudu.

"Sister, usiambie mimi size," akasema. "Ambia mimi vitu. Watu yote inakuja hapa inasema robo. Halafu lori inafika, vitu inabaki nje, mvua inakuja, inaanza kugombana na mimi."

"Ustaz, vitu vyenyewe ni vya kawaida tu."

"Hakuna mtu iko na vitu ya kawaida. Enda nyumbani, pima kila kitu. Urefu, upana, na kwenda juu. Andika kwa karatasi, lete hapa."

Nikaona maneno yake yana akili. Miaka yote ile tulikuwa tukihama kwa kukisia, na mara zote kitu fulani kilibaki barabarani. Safari hii nikaamua nitafanya mambo kisomi. Jumamosi nikaazima futi ya fundi, nikachukua daftari, nikaanza na sebule.

Sasa niseme jambo moja kuhusu nyumba za sisi tuliorudi. Ingia katika nyumba yetu yoyote, iwe ya tajiri au ya mlalahoi, inua macho juu ya kabati. Utakuta boksi la televisheni. Televisheni iko ukutani, imefika mwaka wa sita, lakini boksi lake liko pale, limefungwa kamba. Mtu aliyewahi kuondoka kwa haraka hatupi boksi. Siku ya kuondoka ikifika, na kwetu haikosi kufika, kila kitu kinarudi katika boksi lake na safari inaanza. Mama yangu alikuwa mwalimu mkuu wa desturi hiyo. Alihifadhi boksi la jokofu na vile vipande vyake vyeupe vya kuzuia mtikisiko, la jiko, la feni mbili, la cherehani, hata la pasi. Yote yalikuwa chumbani kwake, yamepangwa hadi darini, yamefunikwa mashuka yasipate vumbi.

Na chini ya kitanda chake kulikuwa na mabati, ncha zikichomoza miguuni. Mabati kumi na manane ya futi kumi, geji ishirini na nane, yale manene. Aliyanunua Kitale, moja moja, miaka ile alipokuwa akiuza samaki wakavu sokoni. Tuliporudi alikubali kuacha meza na kabati la vyombo lakini si mabati, na akayasindikiza juu ya lori kupitia Lokichoggio akiwa ameyakalia. Yalikuwa ya nyumba ya Rejaf, kwenye kiwanja alichoacha marehemu baba, karibu na mto. Nyumba ingejengwa hali ikitulia. Hali haikutulia. Ilipotulia kidogo, mimi nilikuwa sina kitu. Nilipokuwa na kitu, hali ilichafuka tena. Mama hakuwahi kunisukuma. Aliyafuta vumbi tu, akayagonga kwa vifundo vya vidole ajue kama kutu imeingia, akayarudisha chini ya kitanda.

Mimi nilikuwa nimeyachoka. Kila tulipohama ni mimi niliyekatwa muundi na ncha zake. Nina kovu la kila mtaa.

Nilipima siku nzima. Nilipima kama karani wa stoo anayesubiri saa ya kutoka, bila kufikiri, naandika tu. Jokofu. Jiko. Televisheni. Feni. Kisha nikaingia chumbani kwa mama, nikapima marundo yaliyofunikwa mashuka, rundo kwa rundo, bila kufunua. Mama alikuwa ameketi kitandani akichambua dengu. Alinitazama nikinyoosha futi, akainua miguu nipite.

"Nifunue, mama?"

"Acha, nimeshafunga vizuri," akasema.

Jumatatu nikampelekea mwenye yadi karatasi. Akapiga hesabu kwa chaki juu ya mlango wa kontena. Akasema robo ni ndoto, nusu itajaa mpaka juu, na kontena zima halipo, yote yamechukuliwa.

"Na mabati, ustaz?"

Akatandaza kamba yake ndani ya nusu. Kwenda ndani, futi tisa na kidogo. Kwenda kando, saba na kidogo. "Bati ya futi kumi haiwezi kulala moja kwa moja. Inaweza kuingia ya kuvuka, kona mpaka kona. Lakini karatasi yako imejaa, sister. Hiyo kona iko na kitanda. Malesh, pole."

Jioni nilimkuta mama kibarazani akibambua karanga. Nilikaa karibu naye, nikaanza kubambua pia ili nisimtazame usoni.

"Mama, nimechukua nusu kontena. Zinki hazitaingia."

Aliendelea kidogo na karanga zake. Neno zinki ni lake. Hajawahi kuyaita mabati, hata Kitale.

"Hata moja?"

"Hata moja. Nimepima kila kitu."

Akapangusa mikono kwa kanga. "Haya. Wewe ndiye uliyesoma."

Nilidhani atabisha. Nilikuwa nimejiandaa, nimebeba karatasi yangu kama wakili. Badala yake aliniuliza kama nakumbuka kwamba binamu ya baba, yule mkulima wa Rejaf, upepo ulimng'olea paa mwezi uliopita, na wajukuu wake wanalala jikoni. Nilikumbuka. "Basi mpigie simu," akasema, "aje achukue."

Binamu ya baba alikuja Alhamisi na lori dogo la kuazima. Mama alisimama mlangoni, na kila bati lilipopita aliligonga kwa kifundo cha kidole, kumi na manane yote. La mwisho lilipopakiwa akasema, "Khalas," akaingia ndani kupika. Mimi nilibaki nje nikisikia wepesi. Nakiri, nilifarijika. Niliwaza kwamba kwa mara ya kwanza nitahama bila kuchanika mguu.

Jumamosi iliyofuata wachukuzi wawili walifika na gari. Wa kwanza akaingia chumbani kwa mama, akafunua shuka, akakumbatia boksi la jokofu kwa mikono miwili, akajiweka sawa kiuno, akanyanyua. Nusura aanguke chali. Boksi lilipanda kama mto wa pamba. Akacheka. Akalitikisa.

"Hii haina kitu."

"Kitu chake kiko jikoni," mama akamjibu. "Kilete."

Nikasimama pale na karatasi yangu. Wakaleta jokofu, mama akaonyesha kila kipande cheupe kinakaa wapi, likaingia katika boksi lake likatulia. Kisha jiko. Kisha feni, moja baada ya nyingine. Cherehani, pasi, televisheni. Kila kitu kilirudi kwake, kama mama alivyokuwa amepanga tangu siku kilipotoka dukani. Nikaanza kusoma karatasi upya, mstari kwa mstari, na kila mstari ulinichoma. Jokofu nilikuwa nimelipima jikoni, kisha nikalipima tena chumbani. Televisheni mara mbili. Jiko mara mbili. Nilikuwa nimeipimia nafasi kila mashine tuliyonayo, na juu ya hapo nikapimia nafasi hewa yake.

Nami ni mtoto wa kwetu, niliyelala utoto wangu wote chini ya maboksi ya namna ile. Mgeni angefunua shuka angalau. Mimi niliyaona siku zote mpaka nikaacha kuyaona.

Pale yadi wachukuzi walimaliza kupanga kabla jua halijawa kali. Vitu vilishika upande mmoja wa ile nusu, vikaishia hapo. Upande wa pili ulibaki sakafu ya mbao tupu. Mwenye yadi akachungulia, akatazama karatasi, akachungulia tena.

"Sister, hii karatasi ni ya nyumba gani?"

Akachukua kamba yake, nadhani kwa mazoea tu, akaivuta kutoka kona ya mbele hadi kona ya nyuma, akahesabu mafundo. "Kumi na mbili," akasema. Kisha akakumbuka nilichomuuliza Jumatatu, akaikunja kamba taratibu na kujifanya anatafuta kufuli.

Nilitoka nje nikampigia simu binamu ya baba. Sijui nilitaka kusema nini. Pengine ningeomba nusu ya mabati, pengine hata matano. Alipokea akiwa na furaha, hakunipa nafasi. Fundi alimaliza jana. Misumari yote imeingia. Usiku mvua ilinyesha Rejaf na wajukuu hawakuamka hata mmoja. Akaniambia nimwambie mama Mungu ambariki. Nikasema nitamwambia.

Mama alikuwa ameketi kwenye kivuli cha kontena, mkoba wake wa nyaraka mapajani, ule mkoba ambao haujawahi kuingia ndani ya gari la mizigo la mtu yeyote. Nikachuchumaa mbele yake.

"Mama, kwa nini hukuniambia yale maboksi ni matupu?"

"Si matupu. Jokofu linakaa humo."

"Lakini uliniona nikiyapima."

"Nilikuona." Akageuza uso upande wa ndege iliyokuwa ikiteremka uwanja wa ndege wa jirani, akasubiri kelele zipungue. "Mimi sijui mambo ya futi, mwanangu. Uliposema hata moja, nilidhani umechoka na Rejaf. Nikasema moyoni, huyu amebeba vya kutosha. Nisimbebeshe na zinki."

Ningeweza kumwambia ilikuwa hesabu tu, kosa la karatasi. Lakini niliposema "hata moja" jioni ile, sauti haikuwa ya mtu anayesoma hesabu. Mama amenisikia tangu sijajua kusema, na aliisikia sauti. Mwenye yadi alikuwa ameniambia mwenyewe kwamba mabati yangeweza kulala kona mpaka kona. Kama ningetaka yaingie, ningepima mara ya pili. Nilikuwa nimechoka na Rejaf, na nilikuwa nimefurahi kupata karatasi ya kusema hivyo kwa niaba yangu. Nikalia pale, katikati ya yadi ya watu, mwanamke mzima wa ofisi. Mama akanipa pembe ya kanga yake nifute uso, akaniacha nilie.

Mwenye yadi alisubiri nimalize ndipo akaja, macho chini. Akasema kuna robo moja imefunguka, vitu vyetu vingeenea sasa, nami nisingelipia nafasi nisiyoitumia. Alikuwa mtu mwema. Nikamwambia aache nusu iwe nusu.

"Sawa, sister. Lakini huko tupu wewe inaweka nini?"

"Mabati," nikasema.

Mama alinyanyuka kwa kushika bega langu, tukatoka langoni, tukapata raksha, yaani bajaji, ya kutupeleka Gudele. Njiani alishikilia mkoba wake kwa mikono miwili kwa sababu ya mashimo. Tulipita maduka ya vifaa vya ujenzi, yale yanayosimamisha mabati mapya nje yakimetameta, mengine membamba hata upepo unayapigisha kelele. Aliyatazama mpaka tukayapita.

"Geji ishirini na nane," akasema. "Hizo nyepesi sitaki."