Murembe wa Makongeni

Ukimkuta Nekesa akichambua sukuma wiki pale Makongeni, Nairobi, kwa jicho moja, usimwonee huruma. Atakutukana mpaka usahau ulikuja kununua nini. Jicho la pili lilipotea chini ya mti, mwaka wa tisini na nne, na mimi jirani yake nilikuwepo.

Baiskeli ya mjane Rispa ilikuwa imeibwa. Opicho, mfanyakazi wa kitalu cha miti aliyependa kututajia majina ya majani tusiyoyauliza, akasema amemwona Luseno, mdogo wake Nekesa, akiisukuma. Basi. Adhuhuri ile Luseno alikuwa chini, meno yamemtoka, tairi shingoni, na mtungi wa petroli umeshafunguliwa.

Nekesa alipenya umati kwa viwiko. Alimng'ata mwenye petroli mkono hadi damu ikatoka.

"Aape kwa murembe!" akafoka. "Na Opicho aape!"

Watu wakarudi nyuma. Wengi wetu ni Wabukusu wa Bungoma. Kwetu mshtakiwa na mshtaki hudunga chuma kwenye mti wa murembe, na mwongo hufa. Na mti wenyewe ulikuwa pale nyuma ya nyumba za reli, una miiba na maua mekundu.

Luseno akapewa panga, akalishika kwa mikono yenye damu, akalichoma kwenye gome. "Kama niliiba, nife!"

Zamu ya Opicho. Akacheka.

"Wasee, hii si murembe yetu. Yetu ni ya huku Afrika, inaangusha majani ndio ichanue. Hii inachanua na majani yake. Kwao ni Brazili, ililetwa tu kupamba. Ziko aina zaidi ya mia kwa hiyo jamii ya Erythrina, Amerika, Afrika, Asia, mpaka Australia. Kiapo hapa ni bure."

"Lakini ni jamii moja?" Nekesa akauliza.

"Ni moja, lakini..."

"Basi ni ukoo mmoja! Luseno amezaliwa Pumwani hapa mjini, sasa yeye si Mbukusu? Na kama ni bure, unaogopa nini? Dunga!"

Opicho aliinua panga. Likamponyoka.

"Baiskeli niliiuza Dandora," akasema.

Tairi likahama shingo. Mateke, rungu, mawe. Nilichukia kila mtu pale, nami nikiwemo. Nekesa akamlalia Opicho kwa mwili wake wote.

"Ameshakiri! Mwacheni mti umhukumu!"

Jiwe lililomlenga Opicho likampata Nekesa jichoni. Alipiga ukemi uliotawanya umati, kwa sababu kila mtu alikuwa ameona nani amelirusha. Luseno alibaki amesimama, mkono bado uko hewani.

Opicho alipona, akahama. Luseno ndiye hubeba magunia ya mboga ya dada yake kila asubuhi, na humshika mkono wakivuka barabara ya Jogoo. Nekesa hukubali. Ila kwanza humvuta hadi upande wa jicho zima.

"Tembea huku," humwambia. "Nikuone."