Kumpeleka Baba Gando kwa Gari-Nyumba

Baba alianza kuugua kizunguzungu mwaka juzi, baada ya sikio lake la kushoto kuharibika. Ni mwashi, ameinua kuta za watu maisha yake yote, lakini tangu hapo akilala tu hushika ukingo wa godoro na kusema nyumba inalala upande. Nyumba yetu ya Fuoni, Unguja, haijalala popote. Mwanzoni tulikuwa tukimweleza. Baadaye tukazoea kumjibu, "Itakaa sawa, Baba," na kuendelea na shughuli zetu.

Dada yake wa pekee, shangazi yangu Bi Mize, anaishi Gando, kule Pemba. Magoti yake hayampi ruhusa ya kusafiri. Baba naye hathubutu kwenda kulala kwake, kwa sababu choo cha shangazi kiko nje, chini ya mteremko, na kizunguzungu kikimkamata pale ataporomoka. Kwa miaka saba wamesikilizana kwa simu tu: kwanza kazi za ujenzi zilimbana Baba, kisha likaja sikio. Siku moja nilimsikia Baba akimuuliza, "Mize, bado unacheka huku umeziba mdomo?" Simu ilipokatika akageukia ukutani, akakaa hivyo mpaka adhana ya adhuhuri. Hapo ndipo nilipoamua kumpeleka.

Mimi ni fundi wa magari. Gerejini kwangu palikuwa na gari-nyumba la mteja wangu, Bwana Seif: gari kubwa lenye kitanda, jiko na choo humo humo ndani, ambalo anataka kulikodisha kwa wageni. Chini yake lina miguu minne ya jeki. Ukibonyeza kitufe, miguu inashuka yenyewe, inasukuma upande uliolala mpaka gari linakaa sawa kama sakafu ya msikiti. Pampu ya miguu hiyo ndiyo niliyokuwa nimetengeneza, na Unguja kwetu ni tambarare mno kuijaribu.

"Nenda nalo Pemba, Riziki, kwenye vilima," Bwana Seif aliniambia. "Kaa nalo wiki, umpeleke mzee. Ukirudi niandikie namna ya kulitumia, maana wageni wataniuliza mimi."

Bandarini Unguja tuliingiza gari kwenye meli ya magari. Mabaharia walinitaka nizime kila kitu, basi nikachomoa na waya wa betri kabisa, nikampandisha Baba juu sehemu ya abiria. Nilijiona nimefanya kazi safi.

Mkoani tulishuka asubuhi, watu wanasalimiana gatini kama wametengana mwaka. Nikarudisha waya wa betri, gari likawaka. Barabara ya kutoka Mkoani haikuachi upumue: unapanda, unakata kona, unashuka bondeni penye mpunga, unapanda tena. Pembeni watu walikuwa wameanika karafuu juu ya majamvi, harufu ikaingia mpaka kwenye mapazia ya gari. Baba alikuwa amefunga mkanda kiti cha pembeni yangu, macho ameyakazia mbele, kama alivyoelekezwa na daktari.

"Hapo palikuwa na mtu akiitwa Makame, nikamjengea tangi," alisema tulipopita Chake Chake. Ndiyo maneno marefu ya kwanza kutoka kwake siku ile.

Tulipofika Gombani, karibu na uwanja wa mpira, kengele ikaanza kulia ndani ya gari. Taa kwenye paneli, ubao wa taa na vitufe vya miguu, ikasema mguu mmoja uko chini. Nilisimama nikiwa na hofu, maana ukiendesha huku mguu unaning'inia utaung'oa. Nikajilaza chini ya gari. Miguu yote ilikuwa juu. Nyasi na matope ya njiani yalikuwa yamegandamana kwenye swichi ndogo inayoliambia gari kwamba mguu umerudi nyumbani. Nikaifuta kwa kitambaa, kengele ikanyamaza. Nilipotoka, muuza chai wa pale alikuwa ameshamletea Baba kikombe dirishani, na hakutaka maelezo yoyote kuhusu gari. Alitaka kujua huyu mzee ni wa ukoo gani wa Gando.

Gando tuliingia kabla ya alasiri. Shangazi alikuwa amekaa kwenye kibao mbele ya mlango, kanga kichwani, na alipoona gari hakusimama. Aliziba mdomo kwa kiganja, akacheka, halafu kicheko kikageuka kilio. Baba alishuka akiwa amenishika bega, akamfikia, akaketi chini kabisa, mchangani, akaegemeza kichwa kwenye magoti ya dada yake.

"Umekonda, kaka," shangazi akasema. "Hawakupi kula huko Unguja?"

"Wananipa. Wewe mwenyewe umekuwa mfupi."

Niliwaacha nikaenda kuliweka gari. Uwanja wa shangazi unashuka kuelekea mihogoni, na mvua ilikuwa imenyesha juzi yake. Nilizima injini, nikavuta breki ya mkono, nikabonyeza kitufe. Miguu ya mbele ikashuka, ikagusa ardhi, ikaendelea kushuka. Udongo ulikuwa unaimeza. Taa nyekundu ikawaka: mguu umefika mwisho wake na gari bado limelala.

Jirani wa shangazi, Bwana Hamad, ambaye hununua magogo na kupasua mbao, alikuja kutazama akiwa na mswaki mdomoni. "Hapa utazamisha hata meli," alisema. Akaleta vipande vinne vya mbao nene. Nikarudisha miguu juu, nikasogeza gari mahali penye mteremko mdogo, tukatandika mbao chini ya kila mguu. Safari hii miguu ilishuka, ikakanyaga mbao, pampu ikanguruma kidogo, gari likatulia. Taa ya kijani ikawaka. Bwana Hamad akapiga makofi, nami, nisiseme uongo, nikavimba kichwa.

Nikamlaza Baba kitandani. Mara tu kichwa kilipogusa mto, akashika ukingo wa godoro.

"Limelala upande wa jikoni."

"Itakaa sawa, Baba."

"Riziki. Limelala upande wa jikoni."

"Baba, mashine imepima. Taa ya kijani hii hapa. Ni sikio lako tu."

Alinitazama, kisha akafumba macho. Hazikupita dakika nyingi akaanza kutapika. Alitapika mpaka hakuna kitu tumboni, jasho linamtoka, mikono imelikamata godoro kama mtu anayeogopa kuanguka kutoka juu ya mnazi. Shangazi alipandishwa ngazi na Bwana Hamad, akakaa pembeni akimpangusa uso.

"Nirudishe kwangu," Baba alisema. "Kesho. Nimeshamwona Mize, inatosha."

Shangazi alichovya kitambaa majini. Alikuwa ameosha shuka za wiki nzima, ameweka samaki wa kupaka, ameita ndugu kutoka Wete waje Ijumaa. Aliendelea tu kumpangusa mahali pale pale palipokuwa pameshakauka. Tulimwacha Baba akiwa ameketi, ameegemea mito, na hivyo ndivyo alivyosinzia.

Asubuhi yake nilikuwa nimeshaanza kukunja vitu. Shangazi akasema hatutaondoka bila kula, na kwa kuwa alitaka kukaa karibu na kaka yake, akapika chila, mikate myembamba ya unga wa mchele, kwenye jiko la ndani ya gari. Akatia mafuta kwenye kikaango. Akakitazama. Akakizungusha, akakitazama tena.

"Riziki, mwanangu, hili jiko lako lina maradhi gani? Mafuta yote yakimbilia kule."

Nilisogea. Nusu ya kikaango ilikuwa kavu, nusu imejaa mafuta, na mafuta yamekaa upande ule ule Baba aliouonyesha. Taa ya kijani ilikuwa bado inawaka juu ya kichwa changu.

Nilikwenda kwenye sanduku la vifaa, nikatoa pima maji, kipimo cha waashi chenye kipovu ndani ya kioo, nikailaza sakafuni. Kipovu kilikuwa kimekimbia mbali na alama za katikati, hakikuhitaji mtu msomi kukiona. Hapo nikakumbuka waya wa betri. Paneli huhifadhi kumbukumbu ya namna gari linavyokuwa likiwa sawa. Nilipochomoa waya kule bandarini, kumbukumbu ile ilifutika, na mashine ikaanza kupima kwa kipimo kisicho chake. Haikuharibika. Ilikuwa imepotea tu, na mimi nikaiamini kuliko mtu.

Nilikaa ukingoni mwa kitanda. "Baba, nisamehe. Limelala kweli."

"Nilikwambia."

"Uliniambia."

"Kizunguzungu changu nakijua," alisema, sauti yake chini sana. "Kinazunguka. Hiki hakikuzunguka, kilivuta. Lakini siku hizi nikisema jambo mnanijibu kama mtoto mwenye homa."

Shangazi alizima jiko. Ilikuwa kweli, tulikuwa tumefanya hivyo nyumba nzima kwa mwaka na zaidi.

Nikamwomba Baba anisaidie. Nilimketisha kwenye kiti cha mezani, nikampa pima maji. Akaishika kama mtu aliyerudishiwa kitu chake. Nikaiondoa mashine kwenye hali ya kujipima, nikaanza kusogeza miguu mwenyewe kwa vitufe, mguu mmoja mmoja, yeye akitoa amri.

"Nyuma kulia, panda. Kidogo. Nimesema kidogo! Rudi nukta."

"Hapo?"

"Hapo kwa urefu. Sasa nipe upana."

Alinikataza nisiinue nyuma zaidi pale alipohisi gari limekuwa jepesi, na alikuwa sahihi tena: magurudumu ya nyuma ndiyo yanayoshikwa na breki, yakiacha ardhi gari linaweza kuteleza likaingia mihogoni na sisi ndani. Kipovu kilipotulia katikati, pande zote mbili, nikashikilia kwa pamoja vitufe viwili vya paneli mpaka ikalia mara moja, kuiambia kwamba sawa ni hapa. Kisha Baba akajilaza mwenyewe. Tulingoja. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye ukingo wa godoro. Ukaachia.

"Mize," akasema, "hizo chila zimeishia wapi?"

Siku tano zilizofuata sitazieleza zote. Ndugu wa Wete walikuja Ijumaa, watoto wao wakapanga foleni kuona choo cha ndani ya gari. Kizunguzungu kilimjia Baba mara mbili, akanieleza kabla hakijafika, kikapita. Kila alasiri nilifungua mlango mkubwa wa ubavuni, yeye amelala kitandani, shangazi ameketi miguuni pake, wanatazama kisiwa cha Fundo, alikozaliwa mama yao, na kubishana nani kati yao alikuwa mwizi wa sukari. Shangazi alipokuwa akisema kwa haraka, kwa Kipemba kitupu, mimi niliambulia nusu. Baba alianza kuongea vile vile. Sikuwahi kumsikia baba yangu akiongea lugha ya utotoni mwake kwa saa nzima.

Siku ya kuondoka nilibonyeza kitufe cha kurudisha miguu. Mitatu ikapanda. Wa nyuma kushoto ukabaki pale pale, umekanyaga mbao.

"Limekataa," shangazi akasema, na hakuficha furaha. "Si mimi niliyesema."

Udongo ulikuwa umejaa kwenye springi zinazouvuta mguu juu. Niliuosha kwa maji ya ndoo, nikausugua, nikaupaka mafuta. Bado. Ikabidi nilegeze kwa spana valvu ya pampu, ile inayorudisha mafuta kwenye tangi lake, nusu mzunguko tu, huku Bwana Hamad akiusukuma mguu kwa gongo. Ukapanda taratibu, kama mtu anayeamshwa kwa shida. Nikakaza valvu.

Shangazi alisema kama gari lina kiti cha tatu, basi atamsindikiza kaka yake. Kwa hiyo Bi Mize, ambaye kwa miaka saba hakuvuka Wete, alikaa dirishani mpaka Mkoani, akiwapungia mkono watu asiowajua, na Bwana Hamad akatufuata kwa pikipiki yake ili amtafutie gari la kumrudisha. Gatini waliagana. Baba alimwambia, "Zibua mdomo ucheke vizuri, nikuone." Akazibua.

Unguja nilirudisha gari kwa Bwana Seif pamoja na karatasi niliyoiandika na kuibandika juu ya paneli. Zima injini, vuta breki ya mkono. Tandika mbao penye udongo laini. Usinyanyue magurudumu ya nyuma. Osha miguu kila unapotoka matopeni. Ukichomoa betri, lifundishe gari upya kwa pima maji kabla ya kuamini taa ya kijani. Na mwisho: muulize atakayelala.

Bwana Seif aliisoma mpaka chini, akacheka. "Hili la mwisho si la ufundi, Riziki."

Nilimwambia aliache hapo hapo, na kama nafasi haitoshi, afute mengine.