Uwanja Usiofagiwa

Asubuhi za Merikit, kijiji chetu cha Uganda, zilianza kwa sauti ya fagio, boma hili hadi lile, na harufu ya vumbi lililonyunyiziwa maji. Msimu ule wa kupalilia wimbi, miaka ya sitini, uhuru ukiwa bado mchanga, boma letu peke yake lilikaa kimya. Mama yangu alikuwa yaya wa familia moja ya Entebbe. Familia ile ilipohamia Nairobi ilimchukua, tena kwa ndege. Alikuja kutuaga, akaniacha kwa bibi, mama yake, akaenda kupanda basi Tororo. Na bibi alikuwa na mwiko wake: msafiri hafagiliwi nyayo mpaka habari ije kwamba amefika. Ukifagia mapema, umemfutia njia ya kurudi.

Majani yakajaa, mavi ya kuku yakajaa, majirani wakatutania kwamba mwaka huu tutapanda wimbi mlangoni. Mimi sikujali. Karibu na kizingiti palikuwa na alama ya kiatu cha mama, kisigino kimezama kwenye tope lililokauka, nami niliifunika kwa ungo mbovu ili kuku wasiichakure. Nilikuwa mpweke, jamani. Kila jioni nilifunua ungo nikaiambia alama ile habari za siku nzima.

Siku moja mama mdogo Awor, aliyekuwa akiuza vitunguu Busia, alikuja na habari kutoka kwa mchuuzi aliyeonana na mama Nairobi.

"Alifika siku ile ile," akamwambia bibi. "Ndege toka Entebbe mpaka Nairobi ni saa moja tu."

"Saa moja!" Bibi alikasirika kabisa, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Mimi nakwenda Busia kwa miguu, natoka jogoo nalia, nafika jua nalala. Hiyo ndege nafukuzwa na nani?"

"Ndiyo hivyo, mama. Na anasema atakaa huko sana."

Bibi akanipa ufagio. Habari niliyoingojea kwa hamu, kumbe ndiyo niliyokuwa nikiiogopa. Nilifagia uwanja wote, nikauzunguka ungo. Bibi aliona, akauacha ungo palepale. Wiki ile mvua kubwa ilinyesha, ikafagia palipobaki.

Mama alirudi baada ya misimu mingi. Nilimpigia magoti kama wasichana wa kwetu wanavyowapigia wageni, nikamuuliza habari za safari, kisha nikamuuliza bibi mgeni huyu ni nani. Asiyekuwepo na lake halipo, husema watu, lakini sikujua kwamba hata uso wake hupotea. Mama alilia mbele yetu sote.

Siku hizi ninaishi Nairobi, na binti yangu anafanya kazi Entebbe. Angani ni mwendo wa saa moja, kama zamani. Akiondoka asubuhi, mchana simu inalia, ametua. Hunicheka akisikia bado sijafagia uwanja.

"Mama, si nimeshafika?"

"Najua umefika, mwanangu," humjibu. "Hata mama yangu alifika."